Mabomba ya Chumba cha Mama

Jumanne, 13 Januari

Nimerudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, nyumba baridi tena. Mara ya tatu tangu Jumamosi. Boila inayochemsha maji ya kupasha nyumba inanguruma huko chumba cha chini kama kawaida, redieta zake za ukutani zina joto, lakini kuta bado ni baridi, kama za nyumba iliyofungwa siku nyingi. Nimeushika ukuta wa jikoni kwa kiganja kizima. Haujapata moto wowote usiku.

Mama ameamka tangu saa kumi na moja. Amepika chai, amekaa mezani na leso mbili na jaketi la Githinji juu yake. Anasema hana baridi. Anasema nyumbani Kinangop kuna baridi kuliko hapa. Si kweli, lakini nani atambishia.

Nimempigia Githinji. Mume wangu yuko Oklahoma na trela lake, harudi hadi mwezi ujao. Anasema boila ile haina hata miaka mitano, itasumbuliwa na nini. Njoo uiulize wewe basi. Nimelala na soksi.

Alhamisi, 15 Januari

Fundi Kabongo amekuja. Ni Mkongomani, ndiye anayetengeneza boila za nusu ya watu wetu huku Temple Hills. Amefungua, amepangusa, amesikiliza kama daktari wa kifua. Amebadilisha kidude kimoja ili nisione amekuja bure. "Mama, mashini iko muzuri. Minaangalia yote, hakuna kitu."

Sikumwamini. Mashine nzuri haimwachi mama yangu akinywa chai na jaketi.

Wacha niandike kwa nini linaniuma hivi, maana hakuna mtu wa kumwambia. Miaka kumi na minne sikumwona Mama. Makaratasi yangu yalikwama. Baba alizikwa nikitazama kwa simu, nimejifungia chooni kazini, na kengele ya mgonjwa wa chumba cha tisa inalia. Muthoni, mdogo wangu, alikuja juzi juzi kwa bahati nasibu ya green card, na ameshaenda nyumbani mara mbili. Mimi karatasi zimetoka mwaka jana. Mama alipata viza kabla sijakata tiketi, akafika mwisho wa Novemba. Anarudi mwisho wa Machi.

Nataka akae kwangu. Ni hilo tu. Alale kwangu, aamke kwangu, akirudi aseme nyumba ya Wanjiku ni nzuri. Nilimtengenezea chumba cha nyuma kwa sababu ya magoti yake, asipande ngazi. Zamani kilikuwa baraza, wenye nyumba wa kwanza wakakijengea kuta. Pazia nilishona mwenyewe.

Jumapili, 18 Januari

Muthoni alitoka Rockville baada ya kanisa akaja kumsalimia Mama. Hata hajavua viatu ameshaingia chumba cha nyuma, ameshika redieta, ameshika ukuta. Akanitazama. Ule mtazamo wake wa kutoka utotoni.

Akasema kwake ni ghorofa, kila kitu ni umeme, kuna lifti, Mama aende akae huko mpaka nirekebishe. Nikamwambia nyumba yangu haina kasoro. Akasema basi mbona Mama amevaa soksi tatu. Mama akacheka akasema tupakue chakula, mukimo unapoa.

Amekula vizuri. Lakini nilimwona akiangalia picha ya sebule ya Muthoni kwenye simu. Ameiangalia kwa muda.

Jumatano, 21 Januari

Nilikuwa nyumbani jana usiku, zamu yangu ya mapumziko. Nimelala fofofo. Kuamka saa kumi na mbili, pua imeganda. Nikashuka chini. Boila inawaka, lakini mabomba yanayotoka kwenye boila ni vuguvugu tu, kama moto umeanza nusu saa iliyopita. Inajizima yenyewe na kujiwasha yenyewe. Sina maelezo. Nimeikagua nikajiona mjinga.

Mama amenikuta pale. Boila hii anaijua. Wiki aliyofika nilimteremsha polepole nikamwonyesha moto kwenye kile kidirisha cha kioo, moto wa nyumba nzima. Nikapanda juu ya ngazi nikazima swichi nyekundu, moto ukafa. Nikawasha, ukarudi. Nilijisifu sana siku hiyo.

Leo akasema tuiombee. Nikakubali, maana nimeishiwa. Akaweka mkono juu ya bati la boila akaomba kirefu. Aliomba moto huu usimdhuru mtu yeyote katika nyumba hii. Nilidhani amechanganya maneno. Mimi nilikuwa naomba uwake.

Jumapili, 25 Januari

Theluji tangu jana. Sasa imegeuka mvua ya barafu. Wauguzi wa kutupokea zamu hawakufika, barabara zimefungwa, tumeambiwa hakuna kutoka. Hii ni zamu yangu ya pili mfululizo. Ghorofa nzima wazee ishirini na wawili na sisi watatu.

Nimempigia Mama mara nne. Mkate upo, mayai yapo, anasema. Nikamuuliza kama kuna joto, akasema mchana lipo. Sikuuliza zaidi, mzee mmoja alikuwa anateremka kitandani.

Namgeuza mama wa mtu mwingine kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Wangu yuko peke yake kwenye chumba chenye kuta tatu za nje.

Jumatatu, 26 Januari

Bado niko kazini. Wanasema usiku huu ni nyuzi kumi na tatu chini ya sufuri. Nimelala kwa saa tatu tu kwenye kiti cha chumba cha kulia. Miguu imevimba.

Jumanne, 27 Januari

Nimefika saa sita mchana. Gari lilizikwa, nimelifukua kwa sinia la plastiki la kazini.

Nyumba yote inaanza kupata joto isipokuwa chumba cha Mama. Redieta yake ni jiwe. Mabomba yanapita chini ya sakafu ya kile chumba, mahali pasipo na chochote ila udongo na upepo. Maji yameganda ndani. Dirisha lina barafu kwa upande wa ndani, nimeikwangua kwa kucha. Mama alilala humo siku tatu na blanketi zote za nyumba. Hakuniambia. Alikuwa anachemsha maji kwenye birika na kumwagia bomba, kama tulivyokuwa tukimwagia mfereji wa uani ulioganda Julai kule nyumbani. Sakafu imelowa.

Anakohoa. Kidogo, lakini anakohoa.

Kabongo ana nyumba nyingi zimeganda, anakuja kesho. Nimempigia mwingine, hapokei. Mwingine amesema Ijumaa. Basi nikaondoa redio na sanduku vilivyokuwa juu ya kifuniko cha sakafu, nikakifungua, nikalala kifudifudi na mashine ya kukaushia nywele. Saa nzima na nusu. Mkono ukafa ganzi. Bomba likabaki vilevile. Mama alisimama nyuma yangu akisema acha, Wanjiku, jua likitoka litayeyuka. Jua gani, Mama. Nililia huko chini kichwa changu kikiwa kwenye shimo, nadhani hakuona.

Nimempa kitanda changu. Magoti yamemsumbua kwenye ngazi.

Jumatano, 28 Januari

Bomba limepasuka.

Saa nne asubuhi barafu ya ndani iliachia na maji yakatoka kwa nguvu, meusi, yananuka chuma. Yakaingia chini ya kitanda, kwenye masanduku yake. Zawadi zote alizokuwa anakusanyia watu wa nyumbani, nguo za watoto wa ndugu yetu Kimani, shuka za kina mama wa kanisa. Sikujua pa kufunga maji. Nilizunguka nyumba yangu mwenyewe kama mgeni nikitafuta koki. Tukazoa kwa ndoo, mimi na mzee wa miaka sabini na tatu.

Kabongo akafika, akafunga maji, akakata kile kipande kilichopasuka akanionyesha. Ufa mrefu kama kidole. Halafu akakaa juu ya ngazi za chumba cha chini akasema, "Mama, bomba haiwezi kugandisha vile kama moto inatembea usiku. Kuko mutu anafunga moto."

Nikamwakia. Nikamwambia hapa tuko wawili, ataje ni nani. Akaelekeza kidole kwenye swichi nyekundu, hapo ukutani karibu na sikio lake.

Mama alikuwa mlangoni na ndoo. Akasema, "Ni mimi. Nauzima nikienda kulala, asubuhi nauwasha." Kwa sauti ileile ya kusema chai iko tayari. Hata hakuona kuna kosa.

Hapo nikasema maneno. Nayaandika yote ili kesho nisijidanganye. Nilimuuliza kama alitoka Kinangop kuja kunivunjia nyumba. Nikamwambia nimefanya kazi kama punda kwa ajili ya kile chumba. Nilimuuliza, mbele ya fundi, kama anataka kutuua.

Mama akaweka ndoo chini. Akafuta mikono kwa leso. Kabongo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Alhamisi, 29 Januari

Muthoni amekuja kumchukua. Mama alimpigia mwenyewe, sikusikia wakiongea. Sanduku moja tu, mengine yamelowa. Nilimfungia vifungo vya koti kwa sababu vidole vyake haviviwezi. Aliniachia nifunge. Hakunitazama.

Mlangoni akasema, "Nyambura naye alikuwa anasikia baridi tu." Akaingia kwenye gari.

Nimechukua ile plasta nyeupe ya hospitali nikaifunga swichi nyekundu mizunguko mitano. Nikaandika juu yake USIGUSE. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka hakuna mtu wa kuigusa.

Ijumaa, 30 Januari

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Tata Nyambura alikuwa mdogo wake Mama. Alikuwa akiishi Limuru, chumba kimoja, na watoto wake wawili. Julai moja baridi ilikuwa kali, wakaingiza jiko la makaa ndani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Asubuhi jirani aligonga. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka majeneza, mawili mafupi.

Tangu siku hiyo kwetu hapakuwa na moto ndani watu wakilala. Mvua inyeshe, jiko linatoka. Na kazi ya kulitoa ilikuwa yangu, kila jioni baada ya chakula. Nilikuwa nalishika na kitambaa, naliweka uani, nikirudi Mama anauliza limetoka? Nasema limetoka. Ndipo anazima taa. Miaka kumi nilifanya hivyo. Si kwamba sikujua. Nilijua kuliko Muthoni, yeye alikuwa hajazaliwa. Nilisahau tu. Nilikaa huku nikazoea joto linalotoka ukutani, nikasahau kwamba ni moto.

Halafu nikamchukua Mama nikamwonyesha moto mkubwa chini ya nyumba, nikamwonyesha na jinsi ya kuuzima. Nikaenda kazini usiku nikamwacha nao. Angefanya nini? Alidhani mimi nimechoka, kwa hiyo ananisaidia kazi yangu ya zamani. Na ile siku ya kuomba alikuwa hajachanganya neno lolote.

Kabongo amemaliza leo. Bomba jipya, ameliviringishia sponji. Hakutaja ya Jumatano. Alipokuwa anaondoka akauliza kengele ya gesi iko wapi, ile inayolia moto ukitoa sumu. Nikamwonyesha ukutani. Akaifungua. Ndani tupu. Nikakumbuka. Desemba ilikuwa inalia tii, tii, nikiwa nimetoka zamu nataka kulala, nikatoa betri nikazitupa. Nikasema nitanunua nyingine.

Wiki saba. Mama alilala wiki saba juu ya moto usio na kengele, na mtu pekee katika nyumba hii aliyeukumbuka ni yeye. Nimeenda dukani nikanunua betri na kengele ya pili. Nimerudi nikakaa jikoni, sikuweza kupika.

Jumapili, 1 Februari

Nimeenda Rockville moja kwa moja kutoka kanisani. Muthoni amemtandikia vizuri, lazima niseme. Zulia, luninga, joto bila sauti. Mama amekaa karibu na dirisha na mikono mapajani. Kikohozi kimepungua. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, Muthoni yupo, sikujali. Mama akasema yameisha. Alisema hivyo haraka, kama mtu anayefunga mlango. Najua hayajaisha.

Muthoni akasema Mama ameamua kubaki hapa mpaka Machi.

Nikamwambia, Mama, twende nikuonyeshe kitu kimoja tu, halafu nitakurudisha mwenyewe. Muthoni akapumua kwa pua. Lakini Mama alishasimama kutafuta koti.

Kufika sikumwingiza ndani. Nilimshika mkono tukapita kando ya nyumba, theluji imeganda, hatua moja moja, magoti yake. Huko nyuma kuna bomba jeupe linatokeza ukutani, linatoa moshi laini. Nikamwambia, moto una pua yake, inapumulia huku. Hakuna kinachobaki ndani. Hapo chini yake theluji ilikuwa imeyeyuka, majani yanaonekana, ya kijani.

Mama akavua glavu akapeleka kiganja pembeni ya ule moshi. Akaacha hapo. Akanusa mkono. "Kumbe unatoka," akasema. Nikasema unatoka, Mama. Akauliza, siku zote? Nikasema siku zote.

Tukaingia. Nikambonyezea kengele zote mbili zikalia, akaziba masikio. Nikamwambia ya betri pia, kwamba nilizitoa mimi. Alinitazama sana. Halafu akaiona swichi na ile plasta na neno langu. Alisoma herufi moja moja. Nilitaka sakafu inimeze. Nikaibandua yote mbele yake, ikang'oa na rangi ya ukuta.

Alikaa akanywa chai. Giza likaanza kuingia. Nikachukua ufunguo wa gari, maana niliahidi. Akasema barabara zina barafu, atalala leo, kesho tutaona.

Jumanne, 3 Februari

Jana usiku nilikuwa na zamu. Sikupenda kwenda. Mama alikuwa amekubali siku moja zaidi, bila kusema mpaka lini. Nilimwachia chakula, namba ya Kabongo, namba ya jirani. Kuhusu swichi sikusema neno. Kazini nilitazama simu mpaka msimamizi akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

Saa mbili na robo nimefungua mlango. Joto. Nimesimama hapo na koti na viatu, nimelisikia usoni kwanza kabla sijaamini. Chumba cha nyuma redieta ni ya moto. Kitanda kimetandikwa, hakijalaliwa.

Nilimkuta juu ya ngazi za chumba cha chini. Alikuwa ameleta kiti cha jikoni akakiweka penye mlango, karibu kabisa na swichi nyekundu. Swichi imewashwa. Amekaa amelala, kidevu kifuani, leso mabegani, miwani na Biblia mapajani. Kengele mpya ameitoa ukutani ameishika mkononi. Dirisha la jikoni liko wazi, upana wa kidole kimoja, ameliegemeza kwa mwiko. Joto linatoka hapo linaenda kupasha uwanja wa jirani.

Hakuuzima. Aliulinda. Usiku kucha, na magoti yale.

Nilikaa chini kwenye ngazi ya kwanza, karibu na miguu yake. Sikuwa na cha kufanya. Siwezi kumwambia asiogope, nimeshamwonyesha kila kitu nilicho nacho. Dirisha sikulifunga.

Akafungua macho. Akauliza nimefika saa ngapi. Nikamwambia nimefika, Mama, nenda ukalale sasa, zamu ni yangu. Akanitazama kama ananipima. Akanipa ile kengele mkononi, akainuka polepole akishika ukuta, akaenda chumbani kwake.

Nimekaa kwenye kiti. Bado kina joto lake.